Mutombo aliijenga Masina

Wasichana ninaowafundisha mpira wa kikapu hapa Kigoma wakisikia jina la Dikembe Mutombo, Mkongo aliyecheza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, wananyanyua kidole. Hakuna hata mmoja aliyemwona akicheza. Wengine walizaliwa akiwa ameshastaafu. Lakini kile kipande cha video wanacho kwenye simu: mtu wa mita 2.18 anapangua mpira uliokuwa ukielekea kwenye pete, kisha anamgeukia aliyerusha na kumtikisia kidole cha shahada, kushoto, kulia, kushoto. Hapana. Si nyumbani kwangu.

Nami nakipenda kidole kile. Ila mimi ni muuguzi, zamu zangu nyingi ni za wodi ya wazazi, na nikimfikiria Mutombo sianzii uwanjani. Naanzia Masina.

Masina ni manispaa yenye watu wengi sana upande wa mashariki wa Kinshasa, kuelekea uwanja wa ndege wa N'djili. Siyo Gombe, zilipo wizara na balozi. Mtu mwenye uwezo wa kujenga hospitali ya vitanda 300, tena mwenye jina linalojulikana dunia nzima, angeweza kuiweka Gombe na hakuna ambaye angemlaumu. Aliiweka Masina. Uamuzi huo unanigusa kuliko tuzo zake zote, na nitaufikia. Kwanza nipite kwenye kikapu, maana ndiko fedha zilikotoka, na maana kikapu chenyewe nakipenda.

Alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, katika familia ya Waluba wenye asili ya Kasai. Baba yake, Samuel Mutombo, alikuwa mtu wa elimu. Mama yake aliitwa Biamba Marie. Nyumba ilikuwa na watoto kumi. Kijana alipenda mpira wa miguu, akidaka golini, na kikapu alikianza akiwa na miaka kama 16, kwa kusukumwa na baba yake na ndugu yake Ilo. Mwanzoni kabisa alianguka akachanika kidevu, na kovu lile akabaki nalo. Hayo nawasimulia mabinti wanaokuja uwanjani wakiwa kidato cha pili na kudhani wamechelewa.

Mwaka 1987 alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Georgetown jijini Washington, kwa ufadhili wa shirika la misaada la nchi hiyo, USAID. Alikwenda kusomea udaktari. Watu hulipita jambo hili haraka, mimi hulirudia. Kiingereza hakuwa nacho, kwa hiyo mwaka wa kwanza aliutumia kujifunza lugha, na timu ya chuo hakuichezea. Kocha pale alikuwa John Thompson, ambaye naye enzi zake alikuwa senta, yaani mchezaji mrefu anayekaa karibu na pete, wa akiba nyuma ya Bill Russell katika Boston Celtics, kwa hiyo alijua thamani ya mtu anayezuia. Akamwita. Msimu wake wa kwanza, mwaka 1989, Mutombo alipangua mitupo 12 katika mechi moja dhidi ya St. John's. Alicheza pamoja na Alonzo Mourning, na timu pinzani zikawa zinafikiria mara mbili kabla ya kusogea chini ya pete. Njia ya udaktari aliiacha. Alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, na mwaka huohuo Denver Nuggets wa NBA wakamchagua akiwa wa nne kwa jumla katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi.

Hapa niseme kidogo kuhusu bloku, yaani kupangua mtupo, kwa sababu nilicheza senta tangu shuleni na naona watu hawaielewi. Wengi hudhani ni urefu. Warefu wako wengi na wengi wao kazi yao ni kufanya madhambi. Siri ni kungoja. Mrushaji anakutishia kwa mabega, anakuonyesha mpira, anataka uruke kwanza ili akurukie wewe ukiwa unashuka. Mzuiaji mzuri anabaki na miguu chini mpaka ile ya mwenzake iwe imeshaondoka sakafuni, ndipo anapanda, mkono wima, haushuki kumkata mtu. Halafu kuna la pili ambalo vijana hawalipendi: mpira ukiupiga mpaka kwa watazamaji, watu watashangilia, lakini unarudi kwa waliorusha. Ukiugusa kidogo tu ukamwangukia mwenzako, timu yako inakimbia mbele. Na zaidi ya yote, ipo mitupo isiyorushwa kabisa. Mtu anaingia, anamwona Mutombo, anageuka na kutoa pasi. Hiyo haiandikwi popote kwenye karatasi ya takwimu.

Zilizoandikwa zinatosha hata hivyo. Bloku 3,289 katika misimu 18, nyuma ya Hakeem Olajuwon peke yake, Mnigeria mwenye 3,830. Kwamba wa kwanza na wa pili katika historia ya ligi ile ni Waafrika wawili, mmoja wa Lagos na mmoja wa Kinshasa, ni jambo ambalo ningependa lisemwe shuleni mara nyingi zaidi.

Mechi ninayoipenda kuliko zote ni ya tarehe 7 Mei 1994. Denver waliingia kwenye mtoano wakiwa wa nane upande wa Magharibi, na wapinzani wao, Seattle SuperSonics, walikuwa wa kwanza wakiwa na ushindi 63. Mfululizo ulikuwa wa mechi tano. Denver walipoteza mbili za mwanzo kule Seattle, na kwa hesabu za kila mtu mambo yalikuwa yamekwisha. Wakarudi nyumbani wakashinda ya tatu, wakashinda ya nne, kisha wakaenda kuichukua ya tano ugenini, katika muda wa nyongeza, 98 kwa 94. Haikuwahi kutokea timu ya nane ikaitoa ya kwanza. Katika mechi hizo tano Mutombo alipangua mitupo 31. Kipenga cha mwisho kilipolia alikuwa amelala chali sakafuni, mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya uso wake, mdomo wazi, anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi niliona kwenye kanda ya video ya mjomba wangu, mkanda umechakaa mpaka picha inaruka, na pale alipolala nikawa namwomba mjomba arudishe nyuma. Aliyetaka kuzuia mpira usiingie ndiye aliyebaki nao mikononi.

Mlinzi bora wa mwaka alikuwa mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Kutoka Denver alihamia Atlanta Hawks mwaka 1996, na katikati ya msimu, Februari 2001, akapelekwa Philadelphia 76ers kumsaidia Allen Iverson. Wakafika fainali. Los Angeles Lakers walikuwa hawajapoteza hata mechi moja ya mtoano mwaka ule, na Philadelphia wakawafunga ya kwanza palepale Los Angeles, kwa muda wa nyongeza. Baada ya hapo senta wao, Shaquille O'Neal, alikuwa mzito mno, Lakers wakachukua nne mfululizo. Mutombo alifika fainali tena mwaka 2003 akiwa na New Jersey Nets, wakafungwa na San Antonio. Ubingwa hakuupata kamwe.

Houston Rockets ndiko alikoishia, msimu wa 2004 hadi 2009, akiwa msaidizi wa senta Mchina, Yao Ming. Kuna wanaoona miaka hiyo kama mkia wa safari. Mimi naiheshimu kupita kiasi. Mwezi Februari 2008 Rockets walikuwa wameshinda mechi 12 mfululizo, Yao akavunjika mguu, msimu ukaonekana umeharibika. Mutombo, mwenye miaka 41, akachukua nafasi ya senta, na timu ikashinda nyingine kumi, zikafika 22. Mtu wa miaka 41 anayelinda pete dhidi ya vijana wa 22 anafanya kazi kwa kichwa na kwa magoti yanayouma. Tarehe 21 Aprili 2009, katika mtoano kule Portland, kano ya misuli ya paja ilikatika juu ya goti la kushoto. Nimewauguza watu wenye jeraha hilo. Mguu haunyooki, mtu anauamuru hausogei. Alijua palepale kwamba imekwisha, akasema hivyo, na hakucheza tena.

Sisi Watanzania tuna kumbukumbu yetu ya mwaka huo. Tarehe 25 Juni 2009, siku Mutombo alipotimiza miaka 43, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kwa jumla, Mtanzania wa kwanza kuingia ligi ile. Senta mrefu wa Afrika, mzuiaji. Mlango alioupitia ulikuwa umefunguliwa na watu wachache, na mmoja wao alikuwa ametoka tu kwa goti lililokatika.

Sasa Masina.

Mwaka 1998 vita vilikuwa vimerudi Congo. Kinshasa iliwekewa amri ya kutotoka nje, askari wakafunga njia. Biamba Marie aliugua ghafla nyumbani. Hospitali haikuwa mbali. Lakini familia haikuweza kumfikisha, na mama akafia nyumbani, mtoto wake akiwa Marekani, mmoja wa wachezaji wanaolipwa vizuri kuliko karibu wote duniani, asiye na uwezo wa kufanya lolote.

Kwenye kazi yetu tunafundishwa kuhesabu kuchelewa kwa mama mjamzito katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Sehemu ya katikati ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu mimi na wenzangu hatuna la kuifanya. Tunakaa na glavu mkononi, oksijeni ipo, damu ipo, na mama yuko juu ya pikipiki kwenye barabara iliyokatwa na mvua, au ndani ya mtumbwi upande wa pili wa ziwa akingoja upepo utulie. Wakati mwingine anafika na wakati mwingine anafikishwa. Kwa hiyo niliposoma jinsi Biamba Marie alivyokufa, sikuhitaji kuelezewa. Na niliposoma mtoto wake alikoiweka hospitali, nikaelewa kwamba alikuwa ameielewa sababu yenyewe: mama yake aliuawa na umbali mfupi usiopitika. Dawa ya umbali ni kuusogeza mlango.

Kinshasa ilikuwa tayari na hospitali moja kubwa yenye jina la mama. Hospitali kuu pale Gombe, ya tangu enzi za Wabelgiji, Mobutu aliipa jina la mama yake, ikaitwa Mama Yemo. Kwa miaka mingi ndilo jina watu walilolitumia. Sitaki kulinganisha akina mama, kila mama ana heshima yake. Nalinganisha wana. Mmoja alikuta jengo akaweka jina. Mwingine alikuta eneo tupu lililokuwa likilimwa mboga, akalihangaikia miaka.

Maana ilichukua miaka kweli. Wakfu wake aliuanzisha mwaka 1997. Jiwe la msingi liliwekwa 2001, na ujenzi wenyewe haukuanza mpaka 2004. Kulikuwa na wakulima waliokuwa wakiishi kwa kulima ardhi ile na hawakutaka kuondoka, kulikuwa na nchi ambayo vita vyake havijaisha, na kulikuwa na tatizo la fedha ambalo halikuisha. Gharama ilifika dola milioni 29. Yeye mwenyewe alitoa takriban milioni 15, zaidi ya nusu. Nyingine alizisaka kwa kuomba, na wenzake wa Georgetown, Patrick Ewing na Alonzo Mourning, walikuwa miongoni mwa waliotoa. Hospitali ya Biamba Marie Mutombo ilizinduliwa Septemba 2006, na wagonjwa wakaanza kupokelewa Desemba 2007. Kinshasa haikuwa imepata hospitali mpya ya kisasa kwa karibu miaka 40.

Tazameni tarehe hizo. Wakati wa uzinduzi na wakati wagonjwa wa kwanza wanaingia, alikuwa bado anacheza. Zile mechi kumi za Houston, Februari na Machi 2008, alizicheza hospitali ikiwa na miezi michache tu tangu ifungue milango. Nadhani ndiyo sababu hakutaka kuacha kikapu hata magoti yalipomkatalia. Mshahara wa kila msimu ulikuwa na mahali pa kwenda.

Januari 2007 Rais George W. Bush alimtaja katika hotuba ya mwaka mbele ya Bunge la Marekani, Mutombo akiwa ameketi ghorofani kati ya wageni, raia mpya wa nchi ile tangu mwaka uliotangulia. Watu walisimama wakapiga makofi. Ni heshima kubwa na nafurahi aliipata. Lakini mwenye kuijua hospitali anajua kwamba siku ya uzinduzi ndiyo siku rahisi kuliko zote. Baada ya utepe kukatwa, kuna umeme wa chumba cha upasuaji usiku, kuna mishahara, kuna vitendanishi vya maabara vinavyoisha muda wake, kuna mgonjwa asiye na hela ambaye huwezi kumrudisha. Nimefanya kazi katika jengo zuri la msaada ambalo mashine zake zilikaa zimefunikwa shuka kwa sababu hakuna aliyepanga nani atazitengeneza. Kwa hiyo ninachomsifia Mutombo zaidi ni ile miaka 17, kuanzia 2007 hadi kifo chake, aliyoendelea kuzunguka akichangisha kwa ajili ya jengo ambalo tayari lilikuwa na jina la mama yake ukutani. Angeweza kusema nimemaliza.

Baada ya kustaafu, NBA ilimfanya balozi wake duniani. Alizunguka Afrika kwenye kambi za vijana. Agosti 2015, ligi ile ilipocheza mechi yake ya kwanza Afrika, Johannesburg, yeye na Olajuwon waliingia uwanjani kwa dakika chache, wazee wawili, na ukumbi wote ukasimama. Mwezi uliofuata aliingizwa katika Jumba la Watu Mashuhuri la kikapu, na Atlanta na Denver zote zikaistaafisha jezi namba 55. Machi 2016 alikuwa ndani ya uwanja wa ndege wa Brussels mabomu yalipolipuka, akatoka salama. Nyumbani alikuwa akilea, pamoja na mkewe Rose, watoto wao na watoto wanne wa ndugu waliofariki. Hilo kwetu halihitaji maelezo, ndivyo inavyokuwa, lakini wapo wengi wenye fedha wanaolikwepa. Na mwaka 2021 akafungua shule karibu na Mbuji-Mayi, Kasai, aliyoipa jina la baba yake, Samuel. Tena Kasai, tena mbali na walipo wageni.

Oktoba 2022 ikatangazwa kwamba ana uvimbe kwenye ubongo na anatibiwa Atlanta. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58. Habari ilinikuta zamu ya mchana. Nilimwambia mwenzangu, Mkongo aliyekulia Kalemie, akanyamaza, kisha akasema, "Dada, huyo alikuwa wetu kweli." Tukarudi kwa wagonjwa.

Nimebakiza jambo moja la mwaka 1996, na nalitaka liwe la mwisho kwa sababu ya wasichana wangu. Timu ya wanawake ya Zaire, mabingwa wa Afrika, ilifuzu kwenda Olimpiki ya Atlanta. Serikali ya nchi ile ilikuwa imechoka kila upande. Mutombo, ambaye kiangazi hichohicho alikuwa anajiunga na Hawks wa mji uleule, akawalipia jezi na gharama zao. Walimaliza wa 12 kati ya timu 12. Sisi tunaopitisha bahasha sokoni ili timu ya wasichana ipate nauli ya kwenda Tabora tunajua maana ya mtu kulipia timu ambayo hakuna anayeitarajia kushinda. Na mmoja wa wachezaji wale, Mwadi Mabika wa Kinshasa, mwaka uliofuata alijiunga na Los Angeles Sparks katika msimu wa kwanza kabisa wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, akakaa nao mpaka akabeba ubingwa mwaka 2001, na tena 2002.